Android inafungwa, iPhone inafunguliwa: sasa uhuru wa simu uko wapi?

Dada mmoja kaniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Habari za leo fundi. Mimi ni mtu wa Android karibu miaka kumi. Kuna programu ya kusomea vitabu niliipata F-Droid, Play Store haipo, naitumia kila usiku kabla ya kulala. Kazini wenzangu wote wako iPhone na kila siku wananiambia najitesa, wao wakitoa simu kwenye boksi kila kitu kinaenda. Nilikuwa nawajibu kwamba mimi simu yangu nina uhuru nayo. Sasa nasikia Google nao wanataka kuzuia programu za kutoka nje. Kama ni hivyo nabaki huku kwa sababu gani? Huo uhuru upo kweli au nilikuwa najifariji?"

Nzuri dada. Uhuru upo, hukuwa unajifariji. Ila umepungua kweli na unaendelea kupungua, na sehemu yake kubwa haiko pale watu wengi wanapouangalia. Ntakueleza taratibu manake hili swali nimekaa nalo miaka mingi, kazi yangu ni simu, zimepita mezani kwangu za kila aina, na kinachoniuma ni kwamba mabishano ya Android na iPhone kila siku yanaishia kwenye kamera na nani ana hela, hili la uhuru linaguswa juu juu halafu linaachwa.

Watu wakisema Android ina uhuru mara nyingi wanamaanisha unaweza kubadilisha sura ya simu, unaweka lancha nyingine (programu inayopanga skrini ya mwanzo), ikoni nyingine, saa kubwa katikati ya skrini. Ni raha, sikatai, na siku hizi hata iPhone unapanga ikoni unavotaka, lakini huo mi siuhesabu. Naupima kwa swali moja: siku mwenye mfumo akikwambia hapana, una njia nyingine ya kupita au ndo basi? Anaweza kuikataa programu unayoitaka, anaweza kuacha kuleta apdeti, anaweza kukufungia akaunti, anaweza kubadilisha masharti wewe umelala. Kama njia nyingine ipo, hata kama ni ngumu, hata kama huigusi mwaka mzima, basi simu ni yako. Kama haipo unatumia kwa hisani yake, na hisani inaweza kuwa nzuri sana miaka kumi mfululizo ila inabaki hisani.

Chukua hiyo programu yako ya vitabu. Imefika kwenye simu yako bila Google kuulizwa. F-Droid ipo tangu 2010, ni duka la programu ambazo msimbo wake uko wazi kwa mtu yeyote kuusoma, huhitaji akaunti, hakuna anayekuandika jina kwamba umepakua nini. Upande wa iPhone, tangu App Store ifunguliwe Julai 2008 ikiwa na programu kama 500 tu, njia imekuwa ni hiyo hiyo moja kwa karibu kila mtu (Ulaya na Japani ntazigusa mbele) na kila kinachoingia kinapita kwanza mezani kwa Apple. Hata programu uliyoiandika mwenyewe kwa mikono yako, ukiiweka kwenye iPhone yako kwa akaunti ya bure inaishi siku 7, siku ya 8 unaigusa inagoma kufunguka mpaka urudi kwenye kompyuta uisaini upya, na ukitaka ikae muda mrefu unalipa dola 99 kwa mwaka. Simu umenunua, programu umetunga mwenyewe, na bado kuna mtu mwingine anashika saa. Mi nikitaka kumuonyesha mtu tofauti ya hizi simu mbili huwa namuonyesha hicho, maana hapo anaelewa haraka kuliko nikimhubiria saa nzima.

Sasa na upande wetu tusiseme uongo. Android ina tabaka mbili na watu wanazichanganya. Chini kuna mfumo wenyewe, AOSP, huo msimbo wake Google wanautoa wazi, umejengwa juu ya kiini cha Linux, mtu yeyote anaweza kuuchukua akatengeneza simu yake bila kuomba ruhusa. Juu yake kuna vitu vya Google: Play Store, ramani, huduma zile zinazokaa nyuma ya pazia zikiletea programu nyingine notifikesheni na kuziambia uko wapi. Hizo haziko wazi, zinatolewa kwa mkataba. Na mkataba ulikuwa mkali, Tume ya Ulaya mwaka 2018 iliipiga Google faini ya euro bilioni 4.34 (mahakama 2022 ikaishusha hadi bilioni 4.125) kwa sababu mtengeneza simu aliyetaka Play Store alilazimishwa kuweka na utafutaji wa Google na Chrome, na akazuiwa kuuza simu zenye Android iliyobadilishwa na watu wengine. Yaani mlango wa chini uko wazi, ila karibu kila kitu ambacho mtu wa kawaida anaita simu kiko ghorofani, na ngazi ina mwenyewe.

Tuliliona hilo kwa macho Mei 2019, serikali ya Marekani ilipoiweka Huawei kwenye orodha ya kampuni ambazo hazifanyi biashara na kampuni za kwao bila kibali. Msimbo wa Android Huawei waliendelea kuutumia bila shida, hakuna aliyeweza kuwanyang'anya, lakini simu yao ya Mate 30 ikatoka Septemba mwaka huo huo bila Play Store, bila YouTube, bila Gmail, na nje ya China watu wengi wakaiacha dukani. Simu nzuri mno, betri safi, kamera hatari. Baadaye wakajenga mfumo wao, HarmonyOS, na toleo lake jipya hata faili za APK, yaani zile faili za kuwekea programu za Android, halipokei tena. Kwa hiyo mtu akikwambia Android ni huru muulize anazungumzia tabaka lipi.

Turudi kwa wenzako wa kazini maana na wao wana hoja, na sipendi kuipuuza. Ile kutoa simu kwenye boksi ikaenda ni kazi kubwa ya watu wenye akili. Apdeti ya iPhone inatoka siku moja kwa wote, kampuni ya simu au duka uliponunua hawana la kusema. iPhone 5s ilitoka 2013 na Januari 2023 bado ilipata kiraka cha usalama. Sisi huku miaka hiyo tulikuwa tunanunua simu mpya, mwaka wa pili apdeti zimekata, mwaka wa tatu unatembea na matundu mfukoni hujui. Ndo kwanza 2023 Google wakaahidi miaka 7 kwenye Pixel 8, simu yao wenyewe, na Samsung wakafuata na S24, na simu za bei ya chini bado ziko nyuma kweli. Halafu kuna lile la Aprili 2021, iOS 14.5, programu ikitaka kukufuatilia kwenye programu za watu wengine na tovuti lazima ikuulize kwanza uso kwa uso, na watu kwa mamilioni wakabonyeza hapana. Kuweza kusema hapana kwa mfuatiliaji ni uhuru pia, nao ulikuja kupitia mfumo uliofungwa, hilo lazima nilikiri.

Na kuna kitu kilinitokea ambacho kilinibadilisha namna ninavyozungumza na watu kuhusu programu za nje. Mjomba wangu alipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole akamwambia akaunti yake ina tatizo, akatumiwa linki kwenye meseji, aweke programu ya kulirekebisha. Simu ikamuonya, akabonyeza ruhusu manake yule mtu alikuwa bado yuko hewani anamuelekeza hatua kwa hatua, "sasa mzee bonyeza hapo chini, tia tiki, rudi nyuma". Kwenye hatua ya mwisho akampa programu ile ruhusa ya huduma za ufikivu, zile zilizowekwa kusaidia watu wasioona, zinazoweza kusoma skrini yote na kubonyeza kwa niaba yako. Mi nilifika jioni. Nikaishika ile simu, na nikiwa naiangalia skrini ikaanza kusogea yenyewe, setingi zikafunguka, zikajifunga, kidole cha mtu hakipo. Nimeshika simu za watu maelfu na sikuwahi kuhisi baridi kama ile. Nilizima data, nikatoa laini, lakini hela zilishaondoka. Mjomba mpaka leo hapokei namba asiyoijua.

Kwa hiyo Google wakisema kwamba virusi ni vingi kwenye programu zinazotoka nje, wao wametaja zaidi ya mara 50 ukilinganisha na Play Store, siwezi kukaa hapa nikasema wanatunga. Wizi wa namna hiyo upo na unaumiza watu wazima ambao hawajawahi kusikia neno APK. Android 13 mwaka 2022 tayari iliweka kizuizi kwenye ruhusa hiyo hiyo ya ufikivu kwa programu zilizoingizwa kwa mkono, inakukatalia kwanza mpaka uingie sehemu nyingine kabisa ya setingi uifungue kwa makusudi, na hiyo mi naiunga mkono mia kwa mia. Kizuizi kinachokusimamisha, kikakufanya ufikiri, halafu mwisho kikakuachia uamuzi, hicho sina ugomvi nacho.

Ugomvi wangu uko kwenye hili unalolisikia. Agosti 2025 Google walitangaza kwamba kwenye simu za Android zenye cheti chao, na hizo ndo karibu zote zinazokuja na Play Store, programu haitakubali kuingia mpaka mtengenezaji wake awe amejisajili kwao na kuthibitisha yeye ni nani, jina la kisheria, anuani, namba ya simu, wakati mwingine na kitambulisho cha serikali, hata kama programu yake haina uhusiano wowote na Play Store. Ratiba waliyotoa inaanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand Septemba 2026, halafu duniani kwingine kuanzia 2027. F-Droid wakasema wazi kwamba hili linaweza kuwaua, maana programu zao nyingi zimeandikwa na watu wa kujitolea, wengine hawataki au hawawezi kujiandikisha kwa kampuni moja ya Marekani ili tu mtu mwingine aweke kikokotoo kwenye simu yake. Kelele zikawa nyingi, Novemba 2025 Google wakasema wataweka njia maalumu kwa watu wazoefu wanaokubali hatari wenyewe, iwe na maonyo ya kutosha ili tapeli asiweze kumburuza mtu juu juu, na pia ile njia ya kuweka programu kwa waya kutoka kwenye kompyuta ikabaki. Kwa hiyo dada mlango haujapigwa misumari. Ila angalia kilichobadilika: zamani mwenye neno la mwisho alikuwa wewe, sasa ni wao na wanakuachia upenyo, na upenyo wa mtu mwingine unaweza kupanuliwa au kuzibwa kwenye apdeti yoyote.

Utaniuliza tatizo liko wapi kama anayekagua ni kampuni nzuri yenye nia nzuri. Tatizo ni kwamba duka likiwa moja na orodha ya watengenezaji ikiwa moja, mwenye nguvu hahitaji kuwafuata watu milioni, anagonga mlango mmoja. Mwaka 2017 Apple waliondoa programu za VPN, zile za kupitia mtandao kwa njia ya siri, kwenye duka lao la China kwa sababu sheria ya huko ilitaka. Oktoba 2019 wakaondoa HKmap.live, ramani waliyokuwa wanatumia watu wa Hong Kong wakati wa maandamano kujua polisi wako wapi. Septemba 2021 wakati wa uchaguzi Urusi, Apple na Google wote wawili waliiondoa programu ya timu ya Navalny, mpinzani wa serikali, iliyokuwa inaelekeza wapiga kura. Hapo ndo utofauti ukaonekana, manake Google walipoitoa Play Store, mtu wa Android bado angeweza kutumiwa faili lile lile la APK na rafiki yake akaliweka. Mwenye iPhone hakuwa na hiyo njia. Na sidhani hao watu waliamka asubuhi wakijiona ni watu wa siasa za programu, walikuwa na simu tu kama wewe na mimi, na siku walipohitaji njia ya pembeni ndo wakajua kama wanayo au hawana.

Sasa kuna watakaokwambia kama hutaki kubanwa flashi simu, weka romu, yaani mfumo mwingine badala ya uliokuja nao, maliza. Nimefanya sana na bado nafanya, ngoja nikwambie inavyokuwa, ukiwa unaamua ujue. Nilikuwa na simu moja ya zamani, mtengenezaji alishaitupa, apdeti hakuna. Kwanza lazima ufungue butiloda, ile programu ya kwanza inayowasha mfumo wa simu, na kampuni nyingine zinakusubirisha siku kadhaa, nyingine hazifungui kabisa, Huawei waliacha kutoa namba za siri za kufungulia mwaka 2018. Yangu ilikubali. Unachomeka waya, unaandika amri kwenye kompyuta, simu inakuuliza kwa maandishi madogo una uhakika, unashuka kwa kitufe cha sauti unabonyeza cha kuwashia, na hapo hapo inafuta kila kitu, picha, meseji, vyote. Nikaweka LineageOS, romu ya Android inayotengenezwa na watu wa kujitolea, dakika kama ishirini hivi, ikawaka. Simu iliyokuwa imekufa ikapata Android mpya na viraka vya usalama vya mwezi ule ule, ikawa nyepesi kuliko siku nilipoinunua, nikakaa naitazama kama mtoto. Kila ikiwaka inatoa kwanza skrini nyeusi yenye onyo kwamba mfumo wake haujathibitishwa, nikazoea.

Kesho yake nikafungua programu ya benki. Nembo ikatokea, duara likazunguka mara mbili, maandishi mekundu: kifaa chako hakikidhi vigezo vya usalama. Ikajifunga. Nikarudia, ikajifunga. Kinachotokea ni kwamba programu inaiuliza huduma ya Google inaitwa Play Integrity, je hii simu inaendesha mfumo unaoutambua? Google wanajibu hapana, basi benki inakufungia. Ona sasa, ile ile simu ikiwa na mfumo wa zamani uliojaa matundu ilikuwa inapita bila swali, nilipoiziba matundu ikakataliwa. Kilichopimwa hapo ni nani kasaini mfumo, usalama wenyewe haukupimwa. Hili linanikera kuliko yote niliyoandika juu, maana linakuja kimya kimya, hakuna anayekukataza kubadilisha mfumo wa simu yako, wanahakikisha tu ukishabadilisha huwezi kuishi nayo.

Ipo GrapheneOS, romu nyingine ya Android, hiyo ni kazi nzuri sana kwa mtu anayejali usalama, imekuwa ikitengenezwa kwa simu za Pixel kwa sababu zinakuruhusu kuweka mfumo wako halafu ukafunga tena butiloda, na Play Store yenyewe inaiweka kama programu ya kawaida isiyo na mamlaka juu ya simu. Benki nyingi zinaenda humo, nyingine zinagoma. Ukiwa na muda na moyo, jaribu, lakini usianze na simu yako pekee.

Mifumo mingine kabisa? Ipo, naipenda, siwezi kukupeleka huko leo. Sailfish wa Jolla, Ubuntu Touch ambao kampuni ya Canonical waliuacha 2017 na watu wa UBports wakaubeba mpaka sasa, postmarketOS kwenye PinePhone. Uhuru humo ni wa kweli, kila kitu unakifungua unakiona. Ila hata Microsoft na hela zao zote Windows Phone iliwashinda, na Firefox OS ilianza 2013 haikufika mbali, na sababu kubwa ilikuwa hiyo hiyo, mtu anafungua duka anatafuta programu anayotumia kila siku haimo, anaifunga simu anairudisha kwenye boksi. Urahisi siyo uvivu wa watu jamani. Mtu ana kazi, ana watoto, simu ikikataa kutuma hela saa mbili usiku hana muda wa kusoma maelezo ya namna ya kuirekebisha, na mtu anayetetea uhuru bila kuliheshimu hilo ataongea peke yake.

Upande wa iPhone nako mambo yamesogea, ila si kwa kupenda kwao. Sheria ya Ulaya ya masoko ya kidijitali ilianza kuwabana Machi 2024, ndo iOS 17.4 ikaruhusu maduka mengine ya programu na brauza zenye injini yake, kabla ya hapo brauza yoyote kwenye iPhone hata ikiitwa Firefox ndani ilikuwa WebKit, injini ya Apple. Ila hiyo ilikuwa kwa watu wa Umoja wa Ulaya tu, na hata programu za maduka hayo mapya bado zinapita kwa Apple kukaguliwa na kusainiwa. Japani nao wana sheria yao iliyoanza kufanya kazi kikamilifu Desemba 2025. Kwingine kwingi hali ni ile ile ya 2008. Inanifundisha kwamba kitu kile kile ambacho miaka yote tuliambiwa hakiwezekani kwa sababu za usalama, kiliwezekana sheria ilipokuja.

Sasa wewe. Kwanza sikwambii ubaki Android kwa ushabiki. Nataka uangalie kitu kimoja ambacho hukukitaja kwenye swali lako: hivyo vitabu vyako viko kwenye mfumo gani? Kama ni faili za EPUB ulizozinunua au kuzipakua zikiwa wazi, uhuru wako mkubwa uko mle kwenye faili, simu ni ya pili. EPUB utaifungua kwenye Android, kwenye iPhone ukiiingiza kwenye programu yao ya Vitabu inasomeka, kwenye kompyuta inasomeka, na itasomeka miaka ishirini ijayo kwenye kifaa ambacho hakijabuniwa. Lakini kama vitabu vimefungwa na kufuli la duka vinasomeka ndani ya programu moja tu, basi hata ukiwa na Android iliyo wazi kuliko zote, uhuru huna. Nimeona watu wengi wanabishana kuhusu simu huku picha zao za miaka kumi ziko kwenye akaunti moja ambayo wakisahau nywila wamekwisha, mawasiliano yao yote kwenye programu moja isiyotoa bakapu ya kusomeka kwingine. Kinachomzuia mtu kuhama kwa kawaida ni hivyo, mfumo wenyewe anauzoea wiki mbili.

Mi ningekuwa wewe ningebaki Android kwa sasa, na sababu yangu ni moja: ile njia ya pembeni bado ipo na wewe unaitumia kila usiku. Mtu ambaye haitumii kabisa, hajui F-Droid ni nini na hataki kujua, huyo nikiambiwa nimchagulie simu nampa iPhone au Pixel bila kusita, na mjomba wangu sasa hivi ana iPhone, nilimnunulia mwenyewe. Sioni aibu kwenye hilo. Ukipenda boga penda na ua lake, nilimweleza nini hataweza kufanya akasema sawa, akachagua akijua. Wewe umenieleza unachokipenda na kiko upande wa pili.

Ukinunua simu nyingine, kabla ya kuangalia kamera angalia vitu hivi: mtengenezaji ameahidi apdeti miaka mingapi kwa maandishi, na butiloda yake inafunguka au la. Hata kama hutaifungua leo, siku apdeti zikikata ndo utajua kwa nini nilikwambia. Ile simu ya benki na simu ya majaribio zikiwa mbili tofauti ni vizuri zaidi, hata kama ya pili ni mbovu mbovu ya zamani iliyo kwenye droo, nyingi zinafaa kabisa kwa kusomea.

Na wiki hii, kabla hujaamua chochote, fanya haya. Ingia kwenye programu yako ya vitabu, tafuta sehemu ya kuhamisha data, toa vitabu na alama za ulipofikia, viweke kwenye kompyuta au memori kadi. Nenda Google Takeout, ipo tangu 2011, omba nakala ya picha zako na namba za simu, itakuchukua saa kadhaa au hata siku kama ni nyingi. Ikifika usiiache tu imelala, fungua folda, bonyeza picha mbili tatu za miaka tofauti uone kama zinafunguka. Kuna mtu aliniletea diski ya bakapu ya miaka minne na ndani kulikuwa na folda tupu. Ukimaliza niandikie modeli ya simu yako, namba ile iliyoko kwenye setingi sehemu ya Kuhusu simu, nikuangalizie kama butiloda yake inafunguka na kama kuna romu iliyo hai ya kuiwekea.